Waume wa Bibi Mwanaidi

Juzi, baada ya hitima ya arobaini ya binamu yangu Shabani, binti yake alinivuta pembeni akanipa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga. Nilikijua kabla sijakifungua, kwa harufu. Tambuu kavu, tumbaku na chokaa: ndiyo iliyokuwa harufu ya bibi yetu tangu nilipopata akili. Ndani mlikuwa na kijaluba chake cha shaba, kile kikopo chenye mfuniko alichotilia uraibu wake, na ubavuni bado kimebonyea pale nilipokikalia siku moja utotoni.

"Baba ameusia upewe wewe, Ami," binti akasema. Halafu akainamisha uso. "Na kuna maneno yake. Naona haya kuyasema. Mama naye aliyasikia, na tangu siku ile hajawa sawa."

Akayasema kwa sauti ndogo. Mimi nikacheka mpaka watu waliokuwa wakikunja mikeka wakageuka, maana msibani hapachekwi hivyo. Kisha machozi yakanitoka, wakaona afadhali. Maneno yenyewe nitawaambia mwisho. Nikiyasema sasa mtamdhania vibaya marehemu kama mjane wake alivyomdhania, na Shabani alikuwa na ila zake nyingi lakini hiyo hakuwa nayo.

Siku hizi wajukuu zangu wananiambia "wikendi", na wanakusudia Jumamosi na Jumapili. Yetu ilianza Alhamisi adhuhuri, Maalim anapotufungulia mlango wa chuo cha Kurani, ikaisha Ijumaa jua linapozama. Ukoo mzima ulikusanyika kwa Babu na Bibi, mjini Bagamoyo, katika nyumba ambayo mvua ikinyesha tulijua kila sufuria ikae wapi kukinga maji. Alhamisi jioni mama zetu walichambua mchele na kusengenya. Ijumaa asubuhi watoto tulipangwa uani tukasuguliwa kwa dodoki mpaka ngozi ikawaka, pasi ya mkaa ikapita juu ya kanzu, na kila mmoja akavalishwa yake akaambiwa asikae, asiegemee, asile, mpaka tumerudi msikitini. Zilikuwa zama za vita, kitambaa adimu, na kanzu ya mtoto ilikuwa moja. Ukiichafua Ijumaa, utaivaa chafu Ijumaa ijayo.

Baada ya swala ulikuja wali, na baada ya wali wakubwa walitaka kulala. Hapo ndipo mbio zilipozaliwa. Watoto wa nyumba nzima wenye shibe ya wali wa nazi hawalaliki nao, basi Babu akatoka barazani na tasbihi yake akawa mwamuzi, na sisi tukakimbizwa mpaka tuchoke. Kulikuwa na mbio za mguu mmoja, na za kurudi kinyumenyume, na mbio za wasichana za kubeba kifuu cha maji kichwani, ambazo kila mara ziliishia kwa kumwagiana. Lakini zilizokuwa mbio hasa ni za mkungu. Unatoka barazani, unapita duka la Mhindi, unakwenda mpaka mti wa mkungu ulio karibu na ufuko, unachuma jani, unarudi nalo. Jani lazima liwe bichi. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu yupo aliyewahi kushinda kwa jani alilokuwa nalo ndani ya kofia tangu asubuhi.

Tulikimbia na kanzu zetu, kwa hiyo ilibidi uinue pindo ulishike kwa meno ili miguu iwe huru. Mtu mgeni akipita alikutana na kundi la watoto wamefunga vinywa kwa nguo, hawasemi, macho yamewatoka. Nilikuwa hodari wa mbio hizo, na sioni haya kulisema, kwa sababu sikuwa hodari wa kitu kingine.

Na mshindi alipewa nini? Alipewa Bibi.

Mnajua jinsi bibi zetu walivyotania wajukuu wao wa kiume. "Njoo mume wangu nikupake mafuta." "Mume wangu leo kanuna, nimemkosea nini?" Bibi Mwanaidi alikuwa na wajukuu wengi, basi alitangaza kwamba hawezi kuwa mke wa kila mtu, na mumewe atakuwa yule aliyeshinda mbio za mkungu. Mshindi alikaa kwenye mkeka wake, mkono wa kulia, akakabidhiwa kijaluba, na wiki nzima yeye ndiye aliyemkunjia tambuu: jani, chokaa kidogo, popoo iliyokatwa, tumbaku kiasi cha ukucha. Alipewa pia ukoko wa wali, na alipotaka kulala mchana alilala kitandani kwa Bibi chini ya chandarua huku wenziwe wakilala sakafuni.

Watu wote walijua ni utani. Mimi sikujua. Nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele, na nilijiona nimeoa. Mume nilimjua kazi yake ni nini, huleta kitoweo nyumbani, kwa hiyo kila nilipokwenda ufukoni nilirudi na dagaa niliowaokota kwenye nyavu za watu, nimewatia mfukoni mwa kanzu. Mama alinichapa kwa sababu ya ile kanzu. Nikavumilia, nikijua wanaume wenye majukumu hupata taabu.

Mtauliza, na Babu je? Mimi Babu nilimwona ni mwenye nyumba. Alilala chumba cha nje, alikula barazani na wanaume wenzake, na alipotaka kitu alikohoa mlangoni kwanza kabla ya kuingia. Mtu anayekohoa mlangoni namna ile, mimi nilijua hayuko kwake sana. Nilimheshimu, lakini sikumtia katika hesabu.

Ndoa yangu ilikuwa na amani mpaka alipoletwa Shabani. Baba yake, ami yangu, alikuwa mkulima kule Makurunge, akaona mtoto anakua bila kusoma, akamleta mjini aingie chuoni kwa Maalim Kombo. Alikuja na kikapu cha muhogo, shingo nyembamba, na miguu mikubwa kuliko umri wake. Nilimtazama ile miguu roho ikanidunda.

Ijumaa yake ya kwanza tulikimbia sote, na njia nzima nilikuwa mbele. Nimechuma jani langu, narudi, nalipita duka la Mhindi, baraza naiona, Bibi kakaa na kijaluba mapajani. Shabani yuko nyuma yangu kidogo. Nikasikia ananiambia, pindo lake kalishika mkononi, "Kanzu yako imepasuka nyuma. Makalio yote nje."

Nikafungua kinywa kumjibu. Pindo likaanguka, likanishika miguu, nikaenda chini kifudifudi mbele ya duka, na Shabani akanipita hata hakunitazama. Nilipoinuka na kujipapasa nyuma, kanzu ilikuwa nzima.

"Mshindi ni Shabani," Babu akasema. Bibi akapiga kigelegele. "Haya, leo nimepata mume wa shamba, sitakosa muhogo." Akampa kijaluba, mbele ya macho yangu, na mimi nimesimama na mchanga puani. Ukoko ulikuja akaula peke yake, wenyewe ulivyokuwa mwekundu na wenye mafuta. Nilipokwenda kulala mchana ule nilimkuta chini ya chandarua, ile miguu imetokeza nje.

Wenzangu, mimi niliumia. Msidhani mtoto haumii kwa mambo ya namna hii. Nilikaa jikoni kwa wanawake nikiwa nimenuna, nao wakakuna nazi wakizungumza kama sipo, na hapo ndipo nilipopata elimu yangu ya sheria. Walikuwa wakimsema mwanamke mmoja wa Dunda aliyeolewa upya kabla eda yake haijaisha. "Hata talaka yenyewe wino haujakauka," mama yangu alisema, akapiga machicha kwenye ungo. "Mwanamke hatoki kwa mume huyu akaingia kwa mwingine hivi hivi. Lazima aachwe, akae eda, ndipo aolewe. Vinginevyo ni haramu, wote watachomwa."

Nikakaa nikalipima jambo hilo. Mimi Bibi sikumwacha. Talaka sikuitoa, wala eda hakukaa hata mchana mmoja. Alitoka mkekani kwangu akaingia kwa Shabani kabla sijapangusa mchanga. Nikaona ukoo wetu mzima uko hatarini.

Jumamosi asubuhi chuo kilipofunguliwa nilimwendea Maalim Kombo. Alikuwa mtu mkali, bakora yake ndefu ilifika safu ya mwisho bila yeye kuinuka, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Nikaketi mbele yake nikasema kwa sauti ya chini, maana Shabani alikuwa nyuma yangu akisoma juzuu.

"Shikamoo Maalim. Mwanamke mwenye mume, akiolewa na mwingine bila talaka, hukumu yake nini?"

"Marahaba. Ndoa hiyo ni batili," akasema. "Swali hilo umelitoa wapi?"

"Nyumbani kwetu."

"Kwenu kwa nani?"

"Kwa Bibi yangu, Maalim. Jana Ijumaa amechukua mume mwingine. Kijana, katoka Makurunge. Na analala humo humo ndani."

Maalim alifunga kitabu. Bibi Mwanaidi alikuwa mwanamke wa heshima aliyempelekea sahani ya wali kila Ijumaa. "Babu yako analijua hili?"

"Babu mwenyewe ndiye aliyempa," nikasema. "Alisimama barazani akatangaza mbele ya watu."

Astaghfirullah aliyoivuta Maalim, nilidhani haitakwisha. Alivaa makubadhi yake kinyume, akavua, akavaa tena, akachukua mwavuli na bakora akatoka. Wanafunzi wakaachwa bila mwalimu, na mimi na Shabani tukamfuata mbio, yeye akiuliza nini kimetokea, mimi nikimwambia atakiona.

Babu alikuwa barazani akinywa kahawa. Akamkaribisha Maalim, akammiminia. Maalim akakataa kahawa, na Babu akatua kikombe chake taratibu, kwa sababu mtu akikataa kahawa kwenye baraza ile kuna kifo au kuna kesi.

"Shekhe," Maalim akaanza, akitazama chini, "mimi na wewe tumesuhubiana siku nyingi. Mtu mzima huweza kughafilika. Lakini mke wa mtu ni mke wa mtu."

"Ni kweli," Babu akasema.

"Na hata kama mume ameridhia, sheria hairidhii."

"Maalim, unamsema nani?"

Maalim akajipangusa jasho. "Nimepewa habari kwamba humu ndani yupo kijana wa Makurunge."

"Yupo," Babu akasema. "Huyo hapo nyuma yako, pua inamtoka kamasi."

Maalim akageuka akamwona Shabani. Akanitazama mimi. Ndani ya nyumba kinu kilikuwa kimenyamaza zamani, na nyuma ya mlango tukasikia sauti ya Bibi, ya upole kabisa: "Maalim, hebu muulize huyo mume wangu aliyekuja kushtaki, mahari alinipa nini?"

Babu alicheka mpaka kofia ikamwanguka kwenye kahawa. Wanawake ndani wakafuata. Maalim alibaki amesimama na mwavuli wake, nami nikajua bakora ya chuo kesho itakuwa yangu. Lakini yule mtu akaketi, akavuta kikombe, akanywa, akaweka bakora magotini kama kadhi.

"Kesi imeshafika," akasema, "haiwezi kurudi bila hukumu. Mlalamikaji, mahari yako?"

"Dagaa," nikasema.

"Ndiyo maana ile kanzu," mama yangu akasema kwa ndani.

"Na wewe?" Maalim akamuuliza Shabani.

"Mahindi ya kuchoma," Shabani akasema. "Lakini moja nililila njiani."

Maalim akaitikia kwa kichwa, akanigeukia. "Na huyu Babu yako, katika ndoa hii amekaa upande gani?"

"Babu ni mwenye nyumba," nikasema.

Sasa kicheko kikawa kingine. Shangazi zangu walisikika wakianguka juu ya vyombo. Mama ikabidi atoe kichwa mlangoni, kanga imemziba uso, akaniambia kwamba Babu ndiye mume wa Bibi, alimuoa kabla baba yangu hajazaliwa. Nilimtazama Babu. Ndevu nyeupe, meno machache, goti moja halikunji. Sikuamini.

"Na wewe ulikimbia mpaka mkunguni?" nikamuuliza.

"Nilikimbia sana, mjukuu wangu," akasema. "Baba yake Bibi yako alikuwa nyuma yangu na gongo."

Hukumu ya Maalim Kombo ilikuwa hivi: mwanamke mume wake ni mmoja, na wa Bibi Mwanaidi ni Babu. Sisi wawili tungoje zamu, na anayeshinda mbio awe mlinzi wa kijaluba tu, si zaidi. Mimi nikauliza tungoje mpaka lini. Babu akaokota kofia yake, akaikung'uta, akasema, "Mpaka nichoke mimi. Msinikimbize."

Tangu hapo Babu alituita waume wenzake. Mbio ziliendelea, leo mimi, kesho Shabani, tukigombana kila Ijumaa na kulala mkeka mmoja siku nyingine zote. Na msimu wa kungu uliofuata, Babu akachoka. Alilala chumba chake cha nje, na asubuhi hakukohoa mlangoni.

Bibi akakaa eda. Alivaa nyeupe, akajifungia ndani, tambuu akaiacha. Ijumaa zilikuja, kanzu zikapigwa pasi, wali ukapikwa, na baada ya wali hakuna mtoto aliyetoka nje. Mimi na Shabani tulikaa kwenye ngazi za baraza. Tulikuwa tukingoja zamu, zamu imefika, na kila mmoja wetu alitamani irudi ilikotoka. Mimi niliogopa zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimeuliza mpaka lini.

Eda ilipokwisha ilikuwa Ijumaa. Bibi alitoka barazani mwenyewe, amekonda, akaketi pale alipokuwa akiketi Babu, kijaluba mapajani. "Waume zangu wako wapi?" akauliza. "Au mmeshaoa kwingine? Kaleteni majani."

Tukakimbia, wawili tu. Kwenda tulikwenda vizuri. Kurudi, tulipolipita duka la Mhindi, nikaona Shabani amepunguza mwendo. Nikapunguza na mimi. Akapunguza zaidi. Tulikuwa tunakwenda sasa kama watu wanaopeleka posa, mapindo menoni, kila mmoja akimwonyesha mwenziwe kwa kichwa apite. Mpaka Shabani akafungua kinywa akasema, "Pita wewe," na mimi nikafungua changu nikasema, "Pita wewe," mapindo yakaanguka, tukaanguka nayo, tukalala pale mchangani tukilia kwa mara ya kwanza tangu Babu azikwe.

"Jamani wanawake, njooni mwone," tukamsikia Bibi. "Mmoja kaniacha kwa kufa, na hawa wawili wanagombea kunikataa." Alikuwa anacheka na uso umelowa. Akatukalisha, mmoja kulia, mmoja kushoto, akasema yeye hana nguvu tena ya kungoja washindi. Tutagawana zamu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kama wake wenza. Ukoko akaukata nusu kwa nusu.

Tuligawana hivyo mpaka alipofariki, sisi tukiwa vijana wenye ndevu. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Shabani, basi kijaluba kikabaki kwake. Alikwenda nacho Msata alikohamia kufanya biashara, akaoa, akazaa, akazeeka. Kila tulipokutana, harusini au mazikoni, nilimuuliza, "Yule hajambo?" Naye alinijibu kwa uso mkavu, "Hajambo, anakusalimu." Mkewe alikuwa akisikia, na sikumbuki kama yupo kati yetu aliyewahi kumweleza ni yule gani.

Sasa maneno aliyoniletea binti yake. Siku ya mwisho Shabani alimwita, akamkabidhi kijaluba, akasema, mkewe akiwa amesimama hapo hapo: "Mpelekee ami yako. Mwambie namwacha mke wetu. Lakini talaka ni moja tu."

Mjane nilimfuata chumbani kwake siku ile ile, binti yake akiwapo, nikamsalimu, nikamsimulia yote haya toka mwanzo. Yumo edani naye, maskini, na mambo ya talaka na mke wa siri yalikuwa yamemla moyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba akitazame kijaluba, akakifungua, akakinusa, akasema, "Ndiyo maana kila Ijumaa alikuwa akikisugua kwa ndimu."

Kwa hiyo kiko kwangu. Lakini sheria niliyojifunza jikoni siijui nusunusu: mke aliyeachwa talaka moja hukaa eda, na katika eda hiyo mumewe ana haki ya kumrejea. Basi sijakitia kabatini. Nimekiweka dirishani upande wa barabara, na Ijumaa nakisugua kwa ndimu, namtunzia mume mwenzangu.